Game of Thrones: tunayoyabishania na yaliyoonyeshwa kweli

Sehemu ya mwisho ya Game of Thrones ilionyeshwa tarehe 19 Mei 2019, na mpaka leo ukitaja jina la Daenerys, yule malkia wa majoka, mbele ya mashabiki wawili, jioni imeisha. Naupenda ubishi huu. Tamthilia ya misimu 8 na sehemu 73 inayoendelea kugombaniwa miaka mingi baada ya kumalizika ni kazi iliyowagusa watu. Kinachonisumbua ni kwamba hasira ya msimu wa nane imetuharibia kumbukumbu. Tunakana mambo yaliyoonyeshwa waziwazi, na tunayatetea mengine ambayo hayakuwahi kutokea, si kwenye skrini wala kwenye vitabu vya George R. R. Martin. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi, na kila moja nimeliweka mbele ya ushahidi wake. Kama hujamaliza kuitazama, ishia hapa kwanza, maana waliokufa wote nitawataja bila kuficha.

"Daenerys alipatwa na wazimu ghafla"

Sehemu ya tano ya msimu wa nane kila mtu anaikumbuka. Kengele za King's Landing, mji mkuu wa ufalme, zinalia, askari wametupa panga chini, mji umesalimu amri. Daenerys yuko mgongoni mwa joka wake Drogon, anatazama ngome ya mababu zake kwa mbali, kisha anashuka na kuchoma mitaa iliyojaa akina mama na watoto. Mashabiki wakasema huyu si yule tuliyemlea tangu msimu wa kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa kwanza alimtazama kaka yake Viserys akimwagiwa dhahabu ya moto kichwani, wala hakuyageuza macho. Msimu wa pili, akiwa nje ya malango ya Qarth na majoka wake wakiwa bado wadogo wa kubebwa, aliwaapia wakubwa wa mji ule kwamba majoka wakikua ataangamiza majeshi na kuteketeza miji. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na wengi wetu tulimshangilia. Msimu wa nne aliwapigilia misumari mabwana 163 wa Meereen, mji wa watumwa aliouteka, kwa hesabu ileile ya watoto watumwa ambao mabwana hao waliwatundika njiani. Hakuuliza nani alishiriki na nani alikataa. Hizdahr zo Loraq alipomjia kuomba maiti ya baba yake ikazikwe, alimweleza kwamba mzee yule aliupinga ukatili ule. Msimu wa saba akawachoma Randyll Tarly na mwanawe Dickon, mateka wa vita, kwa sababu walikataa kupiga goti.

Lakini wanaomtetea nao wana ushahidi, na ni mzito. Mwishoni mwa msimu wa nne mchungaji mmoja anaingia ukumbini Meereen akiwa amebeba kifurushi cha kitambaa. Anakifungua sakafuni: mifupa iliyoungua ya binti yake wa miaka mitatu, kazi ya Drogon. Daenerys hajitetei hata kwa neno moja. Drogon hapatikani, basi anawachukua majoka wake wengine wawili, Rhaegal na Viserion, anawavisha minyororo kwa mikono yake na kuwafungia chini ya ardhi, huku akilia na wao wakimlilia nyuma yake. Mtu aliyejinyima silaha yake kubwa kwa ajili ya mtoto mmoja wa mchungaji, kumfikisha mahali pa kuchoma maelfu ya watoto kunahitaji safari ndefu.

Safari hiyo ndiyo iliyokatwa. Katika sehemu ya tatu na ya nne za msimu wa nane anampoteza Jorah, mlinzi wake wa miaka mingi, anampoteza Rhaegal, na rafiki yake Missandei anakatwa kichwa mbele ya macho yake; isitoshe, kabla ya hayo ameshajua kwamba mpenzi wake Jon Snow ana haki ya kiti cha enzi kuliko yeye. Sehemu inayofuata, mji unawaka. Kwa hiyo anayesema hakukuwa na dalili anakosea. Anayesema waandishi walikimbia ana hoja nzito, na mimi niko upande wake.

"Targaryen haungui moto"

Targaryen ni ukoo wa Daenerys. Viserys alikuwa Targaryen wa baba na mama, na dhahabu ya moto ilimuua. Jon Snow ana damu hiyo pia, na msimu wa kwanza aliunguza mkono alipoishika taa ya moto ili kumtupia mfu aliyefufuka. Martin mwenyewe amelieleza jambo hili zaidi ya mara moja: Daenerys kutoka salama katika moto wa mazishi ya mumewe Khal Drogo ulikuwa muujiza wa mara moja, uliofungamana na kuanguliwa kwa majoka. Katika kitabu cha tano, anapomrukia Drogon uwanjani Meereen, nywele zake zinaungua na viganja vyake vinatoka malengelenge.

Mkanganyiko umetoka kwenye tamthilia yenyewe, kwa sababu msimu wa sita walimpa moto wa pili: lile banda la Vaes Dothrak alilowachomea makhal wote, viongozi wa Wadothraki, kisha akatoka bila kovu. Kwa hiyo kwenye skrini Daenerys ni mtu wa pekee. Kusema ukoo mzima uko hivyo ni kuongeza chumvi. House of the Dragon, tamthilia inayosimulia mababu wa ukoo huo, nayo imelimaliza suala hili: katika msimu wake wa pili, Aegon wa Pili, Targaryen na mfalme, anaunguzwa vibaya na moto wa Vhagar, joka la ndugu yake mwenyewe.

"Ned Stark alikufa kwa sababu hakujua kudanganya"

Hii inaniuma kwa sababu inamfanya mmoja wa wahusika waliochorwa vizuri kuliko wote aonekane mjinga. Ned, bwana wa Winterfell na mshauri mkuu wa Mfalme Robert, ndiye aliyetunza uongo mkubwa kuliko wote katika hadithi nzima. Alimlea Jon, mtoto wa dada yake Lyanna, kama mwana wake wa nje ya ndoa, akakubali aibu, akakubali mkewe Catelyn amchukie mtoto asiye na kosa, na hakumwambia mtu. Ukweli ule tuliuona kwa macho yetu mwishoni mwa msimu wa sita tu, mwaka 2016, mwanawe Bran, mwenye uwezo wa kuona yaliyopita, alipoyatazama yaliyotokea kwenye ule mnara wa Dorne alikofia Lyanna.

Tena tazama kitanda cha mauti cha Robert. Mfalme anatamka kwamba ufalme uende kwa mwanawe Joffrey. Kalamu ya Ned haiandiki jina hilo. Inaandika mrithi wa haki. Kisha mbele ya umati, kwenye ngazi za hekalu la Baelor, anakiri uhaini ambao hakuufanya, kwa sababu Varys, mkuu wa majasusi, alikwishamkumbusha gerezani kwamba uhai wa binti yake Sansa uko mikononi mwake. Maneno yake ya mwisho hadharani ni uongo, na aliusema kwa mapenzi ya mzazi.

Basi alianguka wapi? Alimwendea Malkia Cersei bustanini na kumweleza anachokijua, kwamba watoto wake si wa Robert, ili apate nafasi ya kukimbia na watoto wake kabla Robert hajarudi, maana alijua Robert angewaua. Akamkatalia Renly, mdogo wake Robert, aliyejitolea kumpa askari usiku uleule mfalme anakata roho, kwa kuwa hakutaka kuwatoa watoto vitandani kwa nguvu. Akamwamini Littlefinger, mshauri aliyemsaliti. Mara mbili kati ya hizo tatu alikuwa anawahurumia watoto wa adui yake. Na hata baada ya hayo yote mpango ulikuwa apelekwe Ukutani, kwa walinzi wa mpaka wa kaskazini. Joffrey ndiye aliyeamua vingine palepale, na Cersei mwenyewe alishtuka. Waliomwita mjinga wanalaumu huruma yake, basi waseme hivyo.

"Jaime alimuua mfalme kwa uroho wa madaraka ya baba yake"

Westeros nzima, yaani ufalme wote, iliamini hivyo, na mashabiki wengine bado wanaamini. Jibu liko kwenye bafu la Harrenhal, msimu wa tatu, sehemu ya tano. Jaime Lannister, pacha wa Cersei na aliyekuwa mlinzi wa mfalme, amekatwa mkono, ana homa, ameketi majini mbele ya Brienne, yule mpiganaji wa kike, na kwa mara ya kwanza anasema. Mfalme Aerys, baba yake Daenerys, alikuwa amezika ule moto wa kijani chini ya mitaa yote ya mji. Jeshi la Tywin, baba yake Jaime, lilipoingia, alimwamuru Jaime amletee kichwa cha baba yake, kisha akamgeukia mtaalamu wake wa moto na kuagiza wote wachomwe. Jaime akamuua yule mtaalamu kwanza, halafu mfalme. Watu nusu milioni waliokolewa na mtu waliyemtemea mate maisha yake yote.

Ndiyo maana yale aliyopewa kusema msimu wa nane, kwenye hema na mdogo wake Tyrion, kwamba hakuwahi kuwajali sana watu wa mji ule, nayahesabu kuwa kosa baya kuliko kile kikombe cha kahawa kilichosahauliwa kwenye picha. Katika sehemu hiyohiyo, Drogon anapochoma mji, milipuko ya kijani inafyatuka hapa na pale kati ya nyumba: mabaki ya moto wa Aerys, uleule ambao Jaime alivunja kiapo ili usiwake. Aliyeiweka rangi ile ya kijani kwenye picha aliikumbuka hadithi. Aliyeyaandika maneno ya Jaime aliisahau.

"Arya alipewa kumuua Night King ili watu washtuke tu"

Night King ni mfalme wa wafu, na Arya ni binti wa Ned. Ni kweli kwamba David Benioff na D. B. Weiss, waandishi wakuu wa tamthilia, walitaka kukwepa lililotarajiwa, yaani Jon. Lakini hawakuamua dakika ya mwisho. Wamesema walijua kwa takriban miaka mitatu kwamba atakuwa Arya. Na njia yake ilitengenezwa. Kisu alichotumia ndicho kile kilichotumwa kumuua Bran msimu wa kwanza. Littlefinger akampa Bran, na Bran akampa Arya msimu wa saba, chini ya mti mweupe wa Winterfell. Katika sehemu hiyohiyo Arya anafanya mazoezi na Brienne, na anakidondosha kisu kutoka mkono mmoja akakidaka kwa mwingine. Ndiyo mbinu iliyommaliza Night King, mbele ya mti uleule.

Utabiri wa kuhani Melisandre ndio wa kuchunga. Msimu wa tatu alimwambia Arya kwamba anaona macho atakayoyafumba milele: ya kahawia, ya buluu, ya kijani. Msimu wa nane anayataja tena, ila ya buluu yamehamishwa mwisho ili yabebe uzito wa Night King. Hapo waandishi walivuta kamba. Na swali la jinsi alivyopenya kundi zima la wafu bila kuonekana halikujibiwa, wala silitetei.

Nyongeza kwa wanaomtafuta Night King kitabuni: hayumo. Vitabu vina mtu wa ngano mwenye jina linalokaribia, kamanda wa kumi na tatu wa walinzi wa Ukuta, aliyeishi maelfu ya miaka kabla ya hadithi kuanza. Huyu wa barafu ni wa tamthilia.

"HBO iliwakatia muda, na vitabu viliisha msimu wa nane"

Yote mawili si kweli. HBO, kituo kilichoirusha, ilikuwa tayari kuendelea kwa misimu zaidi, na Martin amesema hadithi ilitosha kufika msimu wa kumi. Benioff na Weiss ndio walioamua kumaliza kwa sehemu 13 za mwisho: 7 mwaka 2017 na 6 mwaka 2019.

Vitabu navyo viliisha mapema. Cha tano kilitoka Julai 2011, wiki chache baada ya msimu wa kwanza kumalizika, na hakuna kingine kilichofuata katika mfululizo huo kwa muda wote tamthilia ilipokuwa hewani. Kufika msimu wa sita walikuwa wamevipita kwa sehemu kubwa. Sasa angalia msimu huo wa sita ulivyo na vitu tunavyovisifu: kifo cha Hodor, mtumishi wa Bran, mlangoni, vita vya Jon na Ramsay, hekalu la Baelor likilipuka. Kukosa kitabu peke yake hakuelezi yaliyotokea baadaye.

Na kwa wanaosema msimu wa nane ulikataliwa na kila mtu: sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 19.3 Marekani usiku huo, na mwaka huohuo tamthilia ikachukua Emmy ya tamthilia bora. Malalamiko yaliyotiwa saini na zaidi ya watu milioni moja wakitaka msimu urudiwe ni ya kweli pia. Hivyo vyote vilitokea pamoja.

Mawili madogo

Kauli rasmi ya ukoo wa Lannister haihusu kulipa madeni. Kauli yao ni ya simba anayetaka angurumapo asikilizwe. Ile ya madeni ni msemo tu uliozoeleka. Na kikombe kilichosahauliwa mezani mbele ya Daenerys hakikuwa cha Starbucks, ingawa kampuni hiyo ilipata matangazo ya bure dunia nzima.

"Bran kuwa mfalme ni uzushi wa waandishi wa televisheni"

Isaac Hempstead Wright, aliyeigiza Bran, amesema Benioff na Weiss walimweleza kwamba mambo mawili yanayomhusu mhusika wake yalitoka kwa Martin: siri ya Hodor, na Bran kuwa mfalme. Kwa hiyo mbegu ni ya mwenye hadithi.

Kilichokosekana ni udongo. Msimu wa saba Bran anamwambia Sansa kwamba hawezi kuwa bwana wa Winterfell wala wa mahali popote. Sehemu ya mwisho anaulizwa kama atakubali ufalme, anajibu kwamba amekuja umbali wote ule kwa ajili gani. Kati ya kauli hizo mbili hakuna tukio hata moja linaloonyesha alivyobadilika, na msimu wa tano mzima hakuonekana kabisa. Wanaokisubiri kitabu cha sita wakitumaini Martin atampa kiti mtu mwingine wanangojea jambo lisilo na dalili. Sehemu ninayoingoja mimi ni ile ya katikati, ambayo televisheni haikutuonyesha.