Ukurasa Wako Umekwama Mlango Upi?

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: "Tovuti yangu haionekani Google, niongeze maneno gani?" Swali la maneno huwa naliweka kando kwanza. Nataka kujua kama mtambo wa utafutaji umewahi kuusoma ukurasa wenyewe, na kama uliusoma, je, uliuhifadhi? Watu wengi wanahangaikia nafasi ya kwanza wakati ukurasa wao haujaingia hata kwenye orodha ya wanaoshindana. Inaniuma kuona mtu anatumia miezi mizima kupaka rangi nyumba ambayo mlango wake umefungwa.

Tuanzie hapa. Ukiandika swali na kubonyeza, mtambo hauendi kuzunguka intaneti kukutafutia, ndiyo maana jibu linafika chini ya sekunde moja. Unatafuta ndani ya kumbukumbu zake wenyewe, yaani faharasa iliyojengwa kutokana na kurasa zilizosomwa jana, juzi au miezi iliyopita. Ukurasa ambao haumo humo, kwa mtambo huo haupo duniani.

Programu inayozunguka kusoma kurasa huitwa buibui. Wa Google anaitwa Googlebot, wa Bing anaitwa Bingbot. Buibui ana foleni ya anwani. Anachukua moja, anaiomba seva ukurasa, anausoma, anaokota viungo vyote vilivyomo, anaviingiza kwenye foleni, kisha anachukua anwani nyingine. Ukurasa usioelekezwa na kiungo chochote hataujua, labda umtajie kwenye ramani ya tovuti. Faili moja ya ramani hubeba anwani zisizozidi 50,000. Ukiwa na zaidi, unaigawa. Seva ikilemewa na kujibu 503 au 429 (namba za kusema "sipatikani kwa sasa" na "maombi yamezidi"), buibui anapunguza kasi. Kwa hiyo ukifunga tovuti kwa matengenezo mafupi, toa 503. Ukitoa 404 umemwambia kurasa hazipo tena.

Kabla ya kuomba chochote anafungua faili ya robots.txt, inayotaja sehemu za tovuti ambazo roboti hawatakiwi kuingia. Desturi hii ilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ikaishi kwa makubaliano tu hadi 2022 ilipoandikwa kuwa kiwango rasmi, RFC 9309. Bado ni suala la heshima: roboti mwenye adabu anatii, asiye na adabu anapita. Tena faili hiyo inasomwa na yeyote, kwa hiyo ukiorodhesha humo folda zako za siri umewaonyesha wezi pa kuanzia.

Mteja mmoja alinijia baada ya kuhamia tovuti mpya. Kwa wiki kadhaa kurasa zake zilikuwa zinafifia kwenye matokeo: baadhi zimebaki anwani tupu, bila hata mstari mmoja wa maelezo. Alikuwa ameshamlipa mtu aandike upya vichwa vyote. Nikafungua robots.txt, nikakuta mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Nyota ina maana ya kila roboti, na ule mkwaju peke yake una maana ya kila kitu kuanzia mzizi wa tovuti. Fundi aliiweka wakati wa majaribio ili tovuti isionekane kabla ya wakati wake, kisha siku ya kuhama faili ikahama pamoja na mizigo mingine. Tukaufuta mstari, mteja akafurahi. Siku chache baadaye hata zile anwani tupu zikatoweka.

Nilipaswa kuangalia mapema kilichokuwa ndani ya kurasa. Kila ukurasa ulibeba pia alama ya noindex, masalia ya majaribio yaleyale. Watu wengi hudhani robots.txt na noindex zinafanya kazi moja, kumbe ya kwanza inasema "usiingie", ya pili inasema "ukishasoma, usihifadhi". Aliyezuiwa mlangoni hawezi kusoma tangazo lililobandikwa sebuleni. Buibui alipokuwa amezuiwa hakuiona noindex, ndiyo maana anwani ziliendelea kuning'inia: tovuti nyingine zilikuwa zinazitaja, na mtambo uliruhusiwa kujua kwamba zipo. Tulipofungua mlango akaingia, akasoma tangazo, akatii. Kwa hiyo ukitaka ukurasa utoke kwenye matokeo, fanya kinyume cha silika yako: mwachie buibui mlango wazi, uweke noindex ndani.

Tuseme buibui ameingia na hakuna kinachomkataza. Sasa ukurasa unafasiriwa. Kama maandishi yanaletwa na JavaScript, lazima programu hiyo iendeshwe kama kwenye kivinjari ndipo yaonekane. Googlebot anafanya hivyo, na tangu 2019 anatumia Chromium inayosasishwa, yaani kivinjari kilicho msingi wa Chrome. Lakini habonyezi vitufe. Maelezo yanayopakuliwa baada ya mgeni kugusa "soma zaidi" hayaoni.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua kurasa tatu. Wa kwanza: "mama anasoma kitabu". Wa pili: "vitabu vya mama". Wa tatu: "mtoto alisoma barua". Mtambo unazigeuza kichwa chini: badala ya kuorodhesha maneno ya kila ukurasa, unaorodhesha kurasa za kila neno. Mama: 1, 2. Anasoma: 1. Kitabu: 1. Vitabu: 2. Barua: 3. Na kadhalika, pamoja na mahali neno liliposimama katika sentensi. Mtu akitafuta "mama kitabu", mtambo unachukua orodha mbili, unaangalia zinapokutana, na jibu ni ukurasa wa 1. Hata kurasa zikiwa mabilioni, wazo ni hilohilo.

Sasa tazama kilichoupata ukurasa wa pili. Unazungumzia vitabu vya mama, lakini haukupatikana, kwa sababu "kitabu" na "vitabu" ni maneno mawili tofauti kwa mashine isiyojua Kiswahili. Kiingereza hubadilisha maneno zaidi mwishoni, na kanuni ya Martin Porter ya 1980 iliweza kufika mbali kwa kukata mikia tu. Kwetu hiyo haitoshi. Anasoma, walisoma, hatutasoma, aliyemsomea, msomaji, kisomo: shina limebanwa katikati, na mbele yake kuna nafsi, wakati, mtendwa na kukanusha. Mifumo ya leo hujifunza uhusiano huo kutoka kwenye maandishi mengi, na Kiswahili kina maandishi machache mtandaoni kuliko lugha kubwa za Ulaya. Ndiyo maana nawaambia wanaoandika kwa Kiswahili: tumieni umoja na wingi, kitenzi na nomino, pale sentensi inapovihitaji. Mnaisaidia mashine na hamumchoshi msomaji.

Si kila kilichosomwa huhifadhiwa. Kurasa zinazofanana huunganishwa na mmoja huchaguliwa kuwakilisha wenzake. Alama ya canonical, iliyokubaliwa na Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009, inakuruhusu kupendekeza upi. Kupendekeza tu; mtambo unaweza kuchagua mwingine.

Ndipo tunafika kwenye nafasi. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones alionyesha kwamba neno linalopatikana katika maandiko machache lina uzito kuliko lililo kila mahali. Katika kurasa zetu tatu, "barua" iko mahali pamoja, kwa hiyo inatofautisha zaidi kuliko "mama". Maneno kama "ya" na "kwa" karibu hayana uzito. Kanuni zilizofuata, hasa BM25, ziliongeza kwamba kurudia neno kunafaa mara chache za mwanzo, kisha faida inapungua hadi karibu kuisha. Ukiliandika mara 60 unamchosha msomaji bure. Na ile orodha ya maneno inayofichwa kwenye kichwa cha msimbo, Google ilisema wazi mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo, lakini hadi leo kuna watu wanaiuza kama huduma.

Maneno peke yake yalikuwa rahisi kughushi. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha mwaka 1998 njia ya kuhesabu viungo. Fikiria mtu anayefuata viungo ovyo: mara 85 katika 100 anabonyeza kiungo kilicho mbele yake, mara 15 anarukia ukurasa wowote. Ukurasa anaojikuta mara nyingi ndio wenye uzito. Uzito huo unagawanywa kwa viungo vinavyotoka, kwa hiyo kutajwa na ukurasa unaoheshimika wenye viungo vitano kunazidi kutajwa na mwingine wa heshima ileile wenye viungo mia tano. Leo hiyo ni ishara moja kati ya nyingi. Tangu 2019 Google hutumia pia modeli ya BERT, inayotazama mpangilio wa maneno. "Kutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiarabu" na "kutafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kifaransa" zina maneno yaleyale; ukitazama tu ni maneno gani yamo, bila mahali yaliposimama, huoni tofauti.

Kujua umekwama wapi, fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, weka anwani kwenye sehemu ya ukaguzi. Itakuambia kama ukurasa umesomwa, lini, na kama umo kwenye faharasa. Umezuiwa: tazama robots.txt na majibu ya seva. Umesomwa lakini haumo: tazama noindex, nakala na uzito wa maudhui. Umo tayari: hapo ndipo tuzungumze maneno na viungo.

Yule mteja tulimwondolea noindex, tukasubiri. Zilizorudi mwanzo ni ukurasa wa nyumbani na zile zilizo kwenye menyu, kwa kuwa kila ukurasa unazielekea. Makala za zamani, zilizofikiwa kwa kiungo kimoja tu kutoka ukurasa wa tisa wa kumbukumbu, zilikuja mwisho kabisa, na mbili kati yake hazikurudi hadi tulipoziwekea viungo kwenye makala mpya.