Kanju, hati na broka: tunayoamini Malindi kuhusu kilimo, na yaliyo kweli

"Watu wa Pwani hawapendi jembe." Nimeisikia kauli hii kwenye matatu, nimeisikia sokoni, na kinachoniuma zaidi, nimeisikia kwa vijana wetu wenyewe. Naanza nayo kwa sababu ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Ukishaamini kwamba mkulima ni mvivu, huulizi tena serikali imemwekea nini njiani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya utawala wa Zanzibar kuufufua mji huu, majahazi yalitoka Malindi yamejaa mtama na ufuta, mengine yakifika hadi Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa, na hilo halifichiki. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi za Pwani: anayedai shamba ajitokeze athibitishe. Waliojua njia ya ofisini wakapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya serikali. Wamijikenda wengi, pamoja na wazao wa watumwa, wakajikuta maskwota, watu wasio na hati, kwenye udongo walioulima kwa mikono yao.

Matokeo yake yapo hadi leo, na unaweza kuyaona kwa macho. Pita kwenye shamba ambalo mwenyewe haonekani, anaishi Mombasa au ng'ambo, na wanaolima hapo ni maskwota. Utaona mahindi, kunde, mihogo. Mti wa kudumu ni nadra, kwa sababu sharti la wenye mashamba wengi limekuwa lilelile: panda cha msimu, mnazi usipande. Mti ni ushahidi. Mwenye mnazi ana hoja mbele ya hakimu. Mzee mmoja wa upande wa Ganda, hapa Malindi, aliniambia babake alikufa bila kuacha hata mkanju mmoja, yaani mti wa korosho, "na si kwamba hakujua kupanda." Uvivu uko wapi hapo?

Dhana ya pili ni ya wasomi: nchi hujengwa na viwanda, jembe ni la maskini. Nchini Kenya kilimo peke yake huchangia karibu moja ya tano ya pato la taifa, kabla hujahesabu lori linalobeba mazao, kinu kinachosaga na duka linalouza. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Vietnam. Katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa haijilishi. Mwaka 1986 ikaanza mageuzi ya uchumi, na mwaka 1988 ikarudisha uamuzi wa shamba kwa familia: kaya ikapewa haki ya kutumia ardhi kwa miaka mingi na kuuza mavuno yake. Mwaka 1989 Vietnam ilikuwa inauza mchele nje. Viwanda vilikuja juu ya msingi huo. Leo ni miongoni mwa wabanguaji wakubwa kabisa wa korosho duniani, yaani wanaozitoa kwenye ganda, na sehemu kubwa ya korosho ghafi inazobangua hutoka Afrika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dhana ninayobishana nayo kila msimu: "Serikali ikataze korosho ghafi kupelekwa nje, viwanda vitakuja vyenyewe."

Ilishakataza. Mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nje korosho na makadamia ghafi, na sheria ya mwaka 2013 ikaliendeleza katazo hilo. Nia ilikuwa nzuri. Kilifi tuna kumbukumbu ya kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970, ambacho baada ya kubinafsishwa katika miaka ya 1990 kilizama kwenye madeni na hatimaye kikafunga. Kila mtu alitamani ajira zile zirudi. Lakini ukimfungia mkulima mlango wa nje na ndani wanunuzi ni wachache, anayepanga bei ni broka. Mikanju mingi ni ya zamani, inazaa kidogo na kushambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Mkulima mwenye ada ya shule kichwani huuza mazao ya mti ungali na maua, kwa bei ya mtu mwenye shida. Marufuku haikumpa miche wala mkopo, wala ghala la kuhifadhia hadi bei ipande. Tanzania, pamoja na misukosuko yake, ilianza mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho: mzigo unawekwa ghalani, unapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, wanunuzi wanashindana kwa mnada. Mfumo huo una lawama zake, malipo kuchelewa ikiwa mojawapo. Angalau mizani iko hadharani.

Mbolea ya ruzuku nitaipitia haraka. Kushuka hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023 kulisaidia wengi, ila haimfai sana asiye na uhakika kama atalima palepale mwakani. Mradi wa serikali wa Galana-Kulalu nao: tuliahidiwa ekari milioni moja za umwagiliaji, shamba la mfano likawa la ekari 10,000, na hata hilo likasuasua miaka mingi. Ukubwa wa mradi si kipimo cha maendeleo.

"Soko ni soko, serikali haihusiki." Waulize wenye miembe. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na njia haikufunguka tena hadi 2021. Miaka saba. Mtego wa nzi ni kitu kidogo, lakini nzi huruka. Ukitega wewe na jirani asitege, umefanya kazi bure. Ndiyo maana kazi hiyo inahitaji maafisa wa ugani wanaofika vijijini, na hao huajiriwa kwa bajeti. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Kenya kwa miaka mingi imetenga chini ya hapo.

Na tusichanganye milango ya kubisha. Kwa katiba ya 2010, ugani na huduma za shambani ni kazi ya kaunti. Sera na ruhusa za kusafirisha nje ziko Nairobi. Ukimfokea mwakilishi wadi kuhusu marufuku ya korosho, umemfokea asiye na ufunguo. Muulize kuhusu miche na afisa wa ugani. Hayo ni yake.

Msimu uliopita nilimtazama mama mmoja akichoma kanju juu ya bati lililotobolewa. Mafuta ya ganda yakashika moto, moshi mweusi ukapanda, akazimwagia mchanga, akaanza kuzigonga moja moja kwa jiwe, vidole vimepakwa majivu visiungue. Zilipoisha akazifunga kwenye vijikaratasi, mtoto akakimbia nazo barabarani kuwauzia abiria wa matatu. Ubanguaji tunaouota ulikuwa pale, mbele yangu, bila glavu, bila mkopo, na kwenye shamba ambalo si lake.