Antibayotiki kwa kijana mwenye chunusi kali: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Naongelea chunusi kali jamani, si vile vipele viwili vitatu vya kwenye paji la uso. Zile zenye usaha, zenye vinundu vigumu chini ya ngozi vinavyouma hata mtoto akilalia shavu, zinashuka hadi kifuani na mgongoni na zikipona zinaacha makovu. Mzazi akishaona mwanae hataki hata kupigwa picha anakuwa tayari kununua chochote, na hapo ndo ushauri unamiminika kutoka kila upande, mwingi wake kutoka kwa watu waliopona kwa bahati tu.

Dhana inayobeba zingine zote ni hii, "chunusi ni bakteria, ua bakteria zimekwisha." Sio hivyo. Homoni za balehe zinafanya ngozi itoe mafuta mengi, vitundu vya vinyweleo vinazibwa na seli zilizokufa, halafu bakteria aitwae Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu hata yenye uso laini, anapata pa kujichimbia na kuzaliana, mwili unajibu kwa kuvimba. Antibayotiki inagusa mambo mawili hapo, bakteria na uvimbe. Vitundu vilivyoziba haiviwezi. Kwa hiyo daktari akiandika kidonge peke yake bila dawa ya kupaka, muulize, kwa sababu kidonge kinatakiwa kiende pamoja na benzoili peroksaidi au dawa za kupaka za jamii ya vitamini A kama adapalini, au zote mbili. Benzoili peroksaidi ina sifa nzuri sana, bakteria hawaijengei usugu kama wanavyofanya kwa antibayotiki, na ile ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 ila haichomi ngozi kiasi kile. (Inachubua rangi ya nguo balaa, mpe taulo na foronya nyeupe mapema, ukisubiri utalia na mashuka yako.)

Na kuchanganya antibayotiki ya kumeza na antibayotiki ya kupaka kwa wakati mmoja, watu wanadhani ndo kupiga kotekote, hapana, faida haiongezeki, usugu ndo unaongezeka.

"Mpe ile kali zaidi." Huyu anayesema hivi huwa anamaanisha septrini au azithromaisini, au chochote kilichobaki kabatini. Dawa salama haichaguliwi kwa ukali. Chunusi haziui mtu, so dawa yenye hatari hata ya nadra inabidi ijieleze vizuri sana kabla haijaingia mdomoni mwa mtoto mzima wa afya. Zinazoanza kufikiriwa ni jamii ya tetrasaiklini, hasa doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, au laimesaiklini miligramu 408 mara moja kwa siku. Hizi hapewi mtoto mdogo kwa sababu zinaweza kuacha madoa ya kudumu kwenye meno yanayoendelea kukua, Uingereza mpaka wa umri ni miaka 12, Marekani ni 8, na hapewi mjamzito. Binti akiwa na uwezekano wa mimba lazima daktari ajue, hata kama mazungumzo yenyewe yanaleta aibu mbele ya mama. Erithromaisini ilitumika sana zamani, siku hizi bakteria wa chunusi wengi wameshaizoea, inabaki kwa wale ambao tetrasaiklini haziwafai.

Sasa septrini, hapa nitakaa kidogo. Ni dawa ya maana kwa magonjwa yake na inaokoa watu wengi, lakini kwa chunusi haipaswi kuwa chaguo la kwanza wala la pili. Ina salfa, na kwa watu wachache sana inaleta ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, unaanza kama mafua tu, homa, macho mekundu, koo linauma, halafu vidonda mdomoni na ngozi inaanza kuuma na kubabuka. Tena kuna taarifa za watu waliokuwa na afya zao, vijana wakiwemo, ambao mapafu yalishindwa kazi ghafla ndani ya siku au wiki chache za kuitumia, wengine wakafikia kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Ni nadra ndiyo, ila nadra hiyo kwa ajili ya uso? Na hapa ile kauli ya "dozi lazima imalizwe" inakuwa hatari, kijana akitokwa na vipele vya ajabu, vidonda mdomoni au akaanza kuhema kwa shida, anaacha dawa papo hapo anaenda hospitali siku hiyohiyo, hakuna cha kumaliza dozi.

Eti "zenye saiklini zote ni sawa," nayo si kweli. Minosaiklini ni ndugu yao ila ina vituko vyake, kizunguzungu, ngozi kugeuka rangi ya bluu-kijivu, na mara chache ini kuvimba au ugonjwa unaofanana na lupasi, ule ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Haijaonekana kuzishinda wenzake kwa chunusi, kwa hiyo sioni kwa nini ianze yenyewe.

Kumeza nako watu wanachukulia poa. Doksisaiklini ikikwama njiani inachoma koo la chakula hadi kidonda, na vijana ndo mabingwa wa kuimeza kwa funda moja la maji halafu huyoo kitandani. Glasi nzima ya maji, akiwa amekaa au amesimama, na asilale angalau nusu saa. Asiichanganye na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, vinaizuia isifyonzwe. Na jua litamchoma haraka kuliko kawaida hata mwenye ngozi nyeusi. Kufungua kapsuli na kupaka unga wake usoni usijaribu, haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Wiki mbili zimepita hakuna kitu, "dawa feki hii"? Subiri. Mabadiliko huanza kuonekana kwenye wiki ya 6 hadi 8, tathmini ya maana inafanyika wiki ya 12. Ila na upande wa pili, kuendelea nayo mwaka mzima kwa sababu uso uko safi ni makosa vilevile, lengo ni miezi 3 au 4 hivi kisha kidonge kinaachwa na dawa ya kupaka inaendelea kulinda.

Makovu yakianza kuchimbika, usikubali mtoto azungushwe kwenye antibayotiki ya tatu na ya nne, huyo anahitaji daktari wa ngozi aangalie kama isotretinoini inamfaa, dawa ya kumeza ya jamii ya vitamini A yenye masharti mazito, hasa ya kutoshika mimba. Isotretinoini haimezwi pamoja na tetrasaiklini yoyote, zote zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu na zikikutana hatari inaongezeka, na hata akiwa kwenye moja tu, akilalamika kichwa kinauma mfululizo na macho yanaona ukungu au vitu viwiliviwili, usimpe dawa ya maumivu umwambie akalale, mpeleke akaangaliwe macho na daktari leo.