"Take" si "chukua" tu: jinsi neno linavyobadilika kwa jirani yake

Binti mmoja wa kidato cha pili ninayemfundisha tuisheni hapa Tabora aliniletea insha ya Kiingereza kuhusu safari yake ya Kigoma. Sarufi safi, nyakati zimekaa sawa. Lakini mstari wa tatu nikakuta "I climbed the train". Mbele kidogo kichwa kinamuuma, basi "I drank medicine". Walipofika, mama mdogo wake "beat a picture". Nilicheka, naye akacheka, halafu akauliza swali la haki: "Sasa mwalimu, kosa liko wapi? Mbona maneno yote nimeyatoa kwenye kamusi?"

Kosa haliko kwenye neno, liko kwa jirani yake. Kila lugha ina maneno yaliyozoeana, yanayoitana. Wanaisimu huuita uhusiano huo kolokesheni. Kwetu picha inapigwa, kama vile simu, pasi, mswaki, hodi na deki, na hakuna anayeumia. Waingereza hawapigi picha. Kwao picha inakwenda na "take". Dawa nayo ni "take", na treni ni "take" vilevile. Sentensi zote tatu za yule binti zilikuwa zinadai kitenzi kimoja.

Ukifungua kamusi utaona "take: chukua", na hapo ndipo wengi tunapopotea. "Take a bath" ni kuoga, "take a seat" ni kuketi, "take an exam" ni kufanya mtihani, "take part" ni kushiriki, "take place" ni kufanyika. Mwenyeji wako akikuuliza "Do you take sugar?" anataka kujua kama chai yako inatiwa sukari, hakutumi dukani. Humo mote hakuna kinachochukuliwa. Kitenzi kimepungua uzito na maana imebebwa na nomino iliyo pembeni yake, kama inavyokuwa kwa "piga" yetu.

Kwa mtu wa Tabora mfano uko stesheni. Hapa ndipo reli ya kutoka Dar es Salaam inapoachana, moja ikaenda Kigoma, nyingine Mwanza. Behewa ni lilelile. Utaamkia ziwa gani, hilo linategemea limeunganishwa na treni ipi. Unganisha "take" na "off": ukiwa mlangoni na viatu ni kuvua, ukiwa uwanja wa ndege ni ndege kuruka. Unganisha na "over", mtu kashika usukani wa mwenzake. Unganisha na "after" upate "she takes after her mother", yaani kafanana na mama yake. Hapa, kwa bahati, tunakutana nao, maana na sisi husema mtoto kachukua sura ya mama.

Kisha kumbuka maneno haya mawili hayakuzaliwa na kazi moja. "Take" waliipata Waingereza kwa watu wa Skandinavia waliovamia nchi yao na kulowea huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ikalifukuza neno lao la zamani. "Chukua" asili yake ni mzigo. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi, na ndiyo maana tunauliza basi linachukua watu wangapi. Mji huu uliojengwa na misafara ya wapagazi haupaswi kulisahau hilo.

Usitafute sababu katika kila jozi. Kwa nini kosa ni "make a mistake" lakini kuthubutu ni "take a risk"? Ni mazoea tu. Kwenye uamuzi hata wao hawakubaliani: "make a decision" utaisikia kila mahali, "take a decision" zaidi Uingereza. Mimi nilishaacha kuwakaririsha wanafunzi orodha za maneno pwekepweke. Neno jipya linaingia daftarini likiwa na mwenzake, "take notes" kwa pamoja, si "notes" peke yake.

Binti alirudi na insha iliyosahihishwa, "take" zote tatu mahali pake. Akawa na swali jingine: treni inawa-"take" watu au inawa-"carry"? Nikamwambia zote mbili zinafaa ila hazisemi jambo moja. "The train carries passengers", hiyo ndiyo chukua yetu, ya mzigo. "The train takes you to Kigoma", hapo ni kupeleka. Akiwa stesheni ya Kigoma na anataka mama mdogo aje kumchukua, asimwambie "take me". Aseme "pick me up".