Gita lako halijafa, lina nongo tu

Juzi kijana wa bendi ya kanisa kaniletea gita lake la umeme, analibeba kama anapeleka mgonjwa Muhimbili, ananiambia fundi, hizi pikapu (vile vidude chini ya nyuzi vinavyonasa sauti) zimekufa, nitafutie nyingine. Nikalichomeka kwenye amplifaya, nikagusa volyumu, khrrr khrrr, sauti inakuja inakatika. Nyuzi zimekuwa rangi ya msumari wa bati kuukuu, na kwenye fretibodi, ule ubao wa shingo unapobonyeza vidole, pembeni ya kila freti, yaani vile vyuma vilivyoukatiza, kuna nongo. Namaanisha nongo yenyewe, ile inayokutoka shingoni ukijisugua na dodoki. Pikapu sikuzigusa hata kidogo. Lisaa limoja baadae gita linalia vizuri tu na jamaa kabaki anacheka mwenyewe, hela ya pikapu ikabaki mfukoni kwake (mimi ndo niliyekula hasara hapo).

Sasa kabla hujaja kwangu, mambo mengi haya unafanya mwenyewe mezani kwako.

Cha kwanza elewa adui ni nani. Sisi watu wa pwani tunapiga tukitiririka jasho, na jasho ni chumvi, na hewa yenyewe ina unyevu. Mafundi wengi wa magita hushauri unyevu uwe kama asilimia 45 mpaka 55, Dar hapa kuvuka 70 ni jambo la kawaida kabisa. Kwahiyo ukimaliza kupiga chukua fulana kuukuu ya pamba, kavu, ipenyeze CHINI ya nyuzi, vuta kutoka kichwani mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gita. Wengi wanafuta juu tu, wakati kutu inaanzia chini ambako vidole vimeacha jasho na hakuna anayepaona. Ni nusu dakika tu hiyo kazi na nyuzi zitadumu karibu mara mbili, hilo nimeliona kwenye magita yangu mwenyewe.

Siku ya kubadili nyuzi ndo siku ya usafi, maana hapo fretibodi iko wazi. Legeza kwanza ndo ukate, usikate uzi uliokaza utakurukia usoni. Kuna watu wanakwambia ukitoa nyuzi zote kwa mpigo shingo inaharibika, hapana, kwa lisaa au mawili haina shida. Ila kuna mawili ya kuangalia. Kama gita lina tremolo inayoelea, yaani daraja lenye mkono wa kuyumbisha sauti linaloshikiliwa na springi, daraja litazama ndani, kwahiyo weka kitambaa au kipande cha mbao kwa chini kabla hujalegeza. Na kama ni la mtindo wa Les Paul, nyuzi zikitoka daraja linaweza kudondoka lenyewe mezani, usipige yowe, halijavunjika, linashikiliwa na nyuzi tu. Lipige picha na simu kabla, ujue upande upi uliangalia wapi.

Haya, fretibodi. Angalia rangi ya mbao. Kama ni nyeusi au kahawia na unaona vinyweleo vya mti, hiyo mara nyingi ni rozwudi au eboni, haina vanishi, inakunywa mafuta. Kama ni ya njano njano inang'aa hiyo ni mepo, ina vanishi juu, USIIPAKE mafuta, haiingii kitu, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Alafu nisaidieni jambo moja, watu wakisikia eboni wanasema aah huo mpingo wetu. Sio huo. Eboni ya magita ni jamii ya Diospyros, mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, ukoo mmoja na rozwudi, na dunia inautumia zaidi kwenye klarineti na obo. Fretibodi za mpingo zipo ila chache.

Nongo unaitoa hivi. Chukua kadi ya benki iliyoisha muda, kwangua taratibu kwa kufuata mbao, pale kwenye kona ya freti na mbao ndo imejaa, utaona inatoka kama vumbi la mkaa lililolowana. Panapogoma tumia mswaki laini na kitambaa ulichokilowesha ukakikamua mpaka basi. Maji yasisimame pale. Ikikauka weka matone manne matano ya mafuta ya fretibodi, sambaza, subiri dakika tano, futa yote yaliyobaki. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, sio kila wiki, gita sio chapati. Na yale mafuta yanayoitwa ya limau mengi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu, nasema hivi kwasababu kuna mtu aliniuliza kama akamue ndimu. Ndimu ni asidi jamani. Mafuta ya nazi nayo hapana, yanachacha na kunasa vumbi.

Freti zikiwa na kutu unasugua na stilwaya laini kabisa, namba 0000, sio ile ya masufuria. Hapa nina kovu. Miaka hiyo naanza, nilisugua freti zote 22 kwa furaha bila kufunika pikapu, kumbe pikapu ni sumaku, unga wote wa chuma ukaenda kuganda pale kama ndevu. Jioni nzima nagusisha sellotepu ya karatasi na kuibandua, gusisha bandua, na mpaka leo lile gita pikapu ya katikati ina vijisindano viwili vitatu vimekataa kutoka. Funika pikapu zote na sellotepu ya karatasi, na freti mbili mbili unazosugua zizungushie hiyo hiyo ili mbao isichubuke.

Mwili wa gita hauna maneno mengi, kitambaa laini na unyevu kidogo. Usipake spiriti, usipake dawa ya kung'arisha makochi. Magita mengi ya bei zetu yana rangi ya poli, yaani ya plastiki, ngumu kama bakuli. Kama una la zamani lenye vanishi ya naitro (nitroselulosi, laini zaidi) basi ogopa hata stendi ya mpira, ukiliacha pale muda mrefu mpira unaila rangi na kuacha alama.

Turudi kwenye khrrr. Hiyo ni volyumu yenyewe ndani ina vumbi na ukoga. Chomoa kebo, fungua kifuniko cha nyuma, au kama ni aina ya Stratocaster fungua lile plastiki la mbele, skrubu 11 kwenye matoleo ya kisasa, ziweke kwenye kikombe maana ikidondoka moja utaitafuta mpaka kesho. Volyumu ina kijitundu pale karibu na miguu iliyolehemiwa. Puliza dawa ya kusafishia kontakti humo, kidogo tu, alafu zungusha kitufe mwanzo mwisho mara 20 au 30. Swichi ya pikapu vivo hivo. WD-40 ya kawaida usitumie hapo, ile ilitengenezwa kufukuza maji, inaacha mafuta na baada ya muda vumbi linarudi na ndugu zake.

Jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, ikilegea kila mtu anakaza nati ya nje. Ukikaza bila kuishika kwa ndani jeki nzima inazunguka na waya zinajinyonga mpaka zinakatika, nusu ya magita "yaliyokufa" yanayokuja kwangu ni hilo. Ishike kwa ndani ndo ukaze.

Trasi rodi, ile nondo ya ndani ya shingo inayoizuia isipinde, kama hujawahi kuigusa, iache. Kama lazima, alenki inayoenea sawasawa, robo mzunguko, tyuni tena, subiri, pima. Ikigoma usilazimishe.

Na mngurumo. Pikapu za koili moja lazima zingurume kidogo, huo ni umeme wetu wa 50 Hz unaimba. Ukishika nyuzi ukapungua, waya wa ethi unaoenda kwenye daraja uko sawa. Usipobadilika, chungulia kama huo waya umekatika. Lakini kama umeshika nyuzi na ukisogeza mdomo kwenye maiki unapigwa shoti, weka gita chini, zima kila kitu. Hilo tatizo liko kwenye soketi na ethi ya jengo au kwenye amplifaya, usinipigie mimi, tafuta fundi umeme, na siku hiyo piga ngoma.