London kuna kamera, ndiyo. Funga pikipiki yako

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, huku si nyumbani, huku kuna kamera kila kona." Aliyesema alikuwa kashika helmeti mkononi, pikipiki hana. Ilikuwa Honda PCX 125, ile ile wanayoipenda madereva wa dilivari na wezi vilevile. Kaiacha nje ya mgahawa, kapiga loki ya usukani, kaingia kuchukua oda. Kamera ilikuwepo, na ilifanya kazi yake vizuri tu: imeonyesha vijana wawili wenye helmeti nyeusi. Sura hakuna, namba hakuna.

Jamani, kamera haishiki mtu! Kule Dar ukiacha boda kijiweni, inalindwa na mama muuza mihogo, na wenzako wanaojua ipi ya nani, na ile hofu ya mtu kupigiwa kelele za "mwizi!" Yanayofuata baada ya kelele hizo siyasifu, lakini wezi wanayajua. London mtu anawasha grinda ya betri saa nane mchana, cheche zinaruka mpaka barabarani, wapita njia wanapita. Mmoja wawili wanachukua video.

Loki ya usukani niimalize haraka. Mwizi anakaa kwenye kiti, anakaza mikono upande mmoja wa hendo, anapiga teke upande wa pili, kipini cha ndani kinakatika. Mwenzake anakuja nyuma na skuta, anaweka mguu, anaisukuma, hao wameondoka. Injini haijawashwa, kwa hiyo ile chipu ya kwenye ufunguo unayojivunia haijaulizwa chochote. Au wanaipandisha kwenye gari la mizigo. PCX ina kilo 130 hivi, mabaunsa wawili wanainyanyua huku wanaongea.

Sasa mnyororo, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kila mteja anauliza unene. Unene una maana, sikatai: mkasi wa kukatia nondo wa mkononi unahangaika sana na mnyororo wa chuma kigumu wa milimita 16, kwa hiyo nyumbani usifungie chini ya hapo. Ila mtu ananunua wa milimita 19, kisha anaulaza chini kwenye lami umejikunja kama chatu aliyeshiba! Mnyororo ukigusa chini umemsaidia mwizi. Mpini mmoja wa mkasi anauegemeza sakafuni, wa pili anaulalia kwa uzito wake wote. Nyundo inapata mahali pa kupigia. Hata grinda inatulia, maana pete haichezi. Vuta mnyororo juu, usiache sehemu ya kulegea, kufuli litazame chini na libanwe na pikipiki yenyewe mpaka mwizi akose pa kuingiza mkono.

Halafu unaupitisha wapi? Wengi wanapitisha gurudumu la mbele kwa sababu ndiko rahisi. Gurudumu la mbele linafunguliwa kwa spana, ukitoka unakuta tairi lako limefungwa salama salimini. Pitisha kwenye fremu. Ikishindikana, gurudumu la nyuma. Na upande wa pili ushike kitu kisichohama: pete ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, au zile reli za chuma ambazo baadhi ya maegesho ya Westminster, katikati ya London, yanazo. Nguzo fupi ya alama ya barabarani haifai, mnyororo unapanda juu na kutoka. Bomba la jukwaa la wajenzi nalo linafunguliwa.

Lebo ya Sold Secure, wale wa Uingereza wanaopima makufuli na kuyapa daraja, ni nzuri, lakini soma kufuli limepimwa kwa ajili ya baiskeli au pikipiki. Daraja la dhahabu la baiskeli si dhahabu ya pikipiki, na rangi zinafanana. Siku hizi kuna makufuli kama Litelok X1 na Hiplok D1000 yanayokula diski za grinda. Ni ghali, na mengine hayaenei kwenye pikipiki, kwa hiyo pima kabla ya kulipa.

Kuhusu GPS, mimi ninayezifunga bado sijui niseme nini. Wezi wengi wanaiacha pikipiki mtaa wa jirani siku moja mbili, waone kama mwenyewe atakuja. Hapo GPS inakurudishia mali. Lakini mwingine ana kifaa cha kuziba mawimbi mfukoni, na ikiingia kontena la chuma ramani inaganda. Vifaa vya kufuatilia vya mawimbi ya redio ya VHF vinavumilia zaidi. Na ukiiona kwenye simu, usiende peke yako. Turubai nalo, sijaamua. Linaficha pikipiki ni aina gani, wakati mwingine linatangaza kuna kitu cha kufichwa. Mimi nalitumia, la bei rahisi na chafu.

Kwa wa dilivari: mnyororo wa kilo kumi hutazunguka nao, najua. Basi kufuli la diski lenye kengele, na ufunguo utoke kwenye suwichi hata kama ni ghorofa ya kwanza tu. Bima ikisikia ufunguo ulikuwemo, usitegemee kulipwa. Na bima yenyewe iwe ya kubeba vitu vya watu kwa malipo, si ya kwendea kazini.

Ukivuka bahari kwenda Calais, Ufaransa, kutembea Ulaya, tafuta hoteli yenye gereji kabla hujalipa chumba, na kadi ya V5C, ile ya usajili wa pikipiki, ikae nawe, isikae chini ya kiti.

Mwenye nyumba akikataa usitoboe zege lake, kuna watu wanajaza zege kwenye tairi kuukuu la gari, pete ya chuma katikati. Linabebeka, ndiyo, ila gari la wezi lije na vijana wa kutosha.