Shahidi mkweli naye anaweza kumfunga asiye na hatia

Usiku wa leo mpe mwenzako tochi, asimame hatua tano mbele yako akumulike usoni. Kisha sema amevaa shati la rangi gani. Zoezi hili huwa nalifanya tunapotoa elimu ya sheria kwa wavuvi wa Kibirizi na wakazi wa Ujiji, hapa Kigoma, na kila mara ukumbi unanyamaza. Anayemulikwa ndiye anayeonekana. Aliyeshika tochi yuko gizani. Mahakamani, hata hivyo, shahidi husimama akasema: "Nilimtambua kwa mwanga wa tochi." Tochi ilishikwa na nani? Na jambazi mwenyewe.

Simwiti shahidi huyo mwongo. Aliyevamiwa usiku ana hofu, ana uchungu, mali yake imekwenda, na majirani wameshaanza kutaja majina. Kukipambazuka, aliyoyaona na aliyoyasikia yameshachanganyika, wala mwenyewe hawezi tena kuyatenganisha. Anaapa kwa moyo safi. Unyang'anyi wa kutumia silaha hukumu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hebu fikiria kijana wa miaka 22.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona jambo hili zamani. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Tangu hapo mahakama huuliza: ulimwangalia kwa muda gani, ukiwa umbali gani, mchana au usiku, ulikuwa unamfahamu kabla? Na mwanga je? Kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi. Karabai iliyopigwa pampu ikajaa na kibatari kinachofuka moshi pembeni ya kitanda si kitu kimoja. Shahidi anatakiwa aseme ilikuwa taa gani, ilikaa wapi, na iliangaza kiasi gani.

Mbona basi watu wanafungwa bila hatia? Kwa uzoefu wangu, kosa huanza kabla faili halijafika kwa hakimu. Mwenyekiti wa mtaa anaitwa, sungusungu wanakusanyika, aliyevamiwa anaulizwa, "Ni nani?" Anajibu, "Sikumjua." Siku tatu baadaye jina limepatikana, na hakuna anayekumbuka lile jibu la kwanza. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa ni kipimo kikubwa cha kumwamini shahidi.

Kwa hiyo ndugu mwenyekiti, andika. Andika tarehe, saa na maneno ya aliyevamiwa kabla hajasikia ya wengine: urefu wa mtu yule, sauti, mavazi, kovu kama lipo. Usimsaidie kutaja jina. Daftari hilo linaweza kumtia hatiani mhalifu wa kweli, na linaweza kumtoa jirani yako asiyehusika. Polisi wakiandaa gwaride la utambulisho, yaani kuwapanga watu mstari ili shahidi amwonyeshe aliyemwona, shahidi asiwe ameonyeshwa mtuhumiwa kabla, hata kwa picha ya simu. Akishaonyeshwa, gwaride limeharibika.

Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023. Naunga mkono kwa dhati mageuzi iliyoyapendekeza. Ila daftari la mwenyekiti tunaweza kulifungua leo hii.

Sasa rufaa, maana hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha huwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Aliyeko gereza la Bangwe anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Zamani rufaa za Kigoma zilipelekwa Mahakama Kuu Tabora. Sasa Mahakama Kuu ina masjala yake hapa hapa Kigoma. Na kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wengi hutufikia baada ya miezi, wakiwa wameshauza shamba kumlipa mtu aliyeahidi "kulimaliza". Inaniuma sana. Njooni ndani ya zile siku 10, na namba ya kesi na tarehe ya hukumu. Hayo mawili yanatosha kuanzia.